Siku Mzee Stoo Aliposafisha Kompyuta ya Mkewe

Mtaani kwao hakuna aliyemwita kwa jina lake. Waliozoeana naye walimwita Mzee Stoo, kwa sababu tangu ujana wake hadi kustaafu alikuwa mtunza stoo wa kiwanda cha mabomba, na kwa sababu yeye alitoka stooni lakini stoo haikumtoka. Jikoni kwake makopo yote yalitazama upande mmoja kama askari kwenye gwaride. Misumari aliipanga kwa urefu, kamba kwa unene, na mifuko ya plastiki aliikunja pembetatu akaiweka kwenye droo yenye mifuko mingine iliyokunjwa pembetatu.

Mkewe alikuwa fundi cherehani, na alikuwa mtu wa aina nyingine kabisa. Mkasi wake ulilala popote ulipochokea. Hata hivyo aliweza kunyoosha mkono bila kutazama akatoa kifungo alichokitaka chini ya rundo la vitambaa. Wawili hawa walipendana sana, lakini walipigana vita vya chini kwa chini. Siku moja mzee alikuta kiatu kimoja cha mkewe chini ya kitanda, akamtafuta mwenzake nyumba nzima asimpate, akakitupa. Kumbe mwenzake alikuwa kwa fundi viatu akishonwa kisigino. Mama huyo alikwenda kwenye kikao cha wazazi na kandambili, na aliporudi aliweka sheria: nyumba yote ni ya mzee kuipanga apendavyo, lakini chumba cha kushonea asikitie mkono.

Ndani ya chumba hicho, pembeni ya mashine kubwa ya kudarizi, ndipo ilipokaa kompyuta. Mkewe aliitumia kuchora nembo za shule na majina ya watu, kisha mashine ikazidarizi kwenye sweta na mashuka. Bila ile programu ya kuchorea, mashine ilikuwa pambo tu, zito na la bei mbaya.

Wakati wa mambo haya, nyumbani alikuwepo pia mama mkwe. Alikuja kufanyiwa upasuaji wa macho, na sasa jicho moja lilikuwa na bendeji na la pili daktari alisema lisichoshwe. Zamani, enzi za simu za kuunganishwa kwa mkono, mama huyu alikuwa opereta. Macho yalikuwa yamemchosha, lakini masikio yake yalisikia sisimizi akikohoa. Mkwewe alikuwa kinyume chake: macho makali, masikio yameharibiwa na kelele za kiwanda. Kwenye simu, hasa, kila sauti ilimfikia kama inatoka ndani ya mtungi.

Heshima kati yao ilikuwa kubwa mno. Kila asubuhi ilikuwa, "Shikamoo mama," "Marahaba baba, umeamkaje?" "Salama mama," halafu kila mmoja akautazama ukuta wake. Tangu alipomwoa binti yake, na binti huyo sasa ni bibi mwenye wajukuu, hawajawahi kuzungumza zaidi ya hapo na hali ya hewa.

Basi Ijumaa moja mdogo wake mke, yule kitinda mimba, akajifungua, ikabidi dada mtu aende kumsaidia hadi Jumapili.

"Mama ndiye huyu," alimwambia mumewe mlangoni, begi begani. "Dawa yake ya macho iko juu ya friji. Na kompyuta yangu usiiguse. Jumatatu nina sweta za shule nzima."

"Niiguse ya nini?" mzee akajibu, na wakati huo alisema kweli tupu.

Jumamosi asubuhi, akiwa amekwisha kupanga kila kilichopangika, aliingia chumba cha kushonea na kitambaa mkononi. Alitaka kufuta vumbi tu. Vumbi si la mtu, alijiambia, halihusiki na sheria. Akafuta meza, akafuta kioo cha kompyuta, na alipoisogeza mausi kidogo ili afute chini yake, kompyuta ikaamka.

Kwa kuwa ilikuwa imeamka yenyewe, aliona si adabu kuigeuzia mgongo. Na alichokiona kwenye kioo kilimtia homa. Picha ndogondogo za mafaili zilikuwa zimetapakaa kila kona, kama punje walizomwagiwa kuku. Akaketi. Akazipanga mistari, kwa alfabeti. Alipomaliza alijisikia kama mtu aliyekunywa maji ya baridi.

Angeishia hapo pasingekuwa na hadithi. Lakini alikumbuka mkewe akilalamika kwamba kompyuta imekuwa nzito. Uzito, kwa mtunza stoo, una sababu moja tu: kuna mizigo isiyo na kazi. Akapekua pekua mpaka akafika kwenye orodha ya programu zote zilizomo, na huko akakutana na maajabu. Kulikuwa na kitu kimoja kilichoandikwa tena na tena. Jina lilelile, refu, lisilosomeka vizuri, ila kila mstari na mwaka wake. Mwaka mwingine ulikuwa umeandikwa mara mbili!

"Ahaa," akasema Mzee Stoo kwa sauti ya chini, kama mtu aliyemkamata panya.

Kiwandani, kitu kilichoandikwa mara mbili kilikuwa ama wizi ama uzembe. Akaamua abakishe kipya kuliko vyote, vizee vyote vitoke. Kila alipokiondoa kimoja, kompyuta ilimuuliza kama ana uhakika. Swali hilo alilipenda sana. Katika maisha yake ya kazi hakuna bosi aliyewahi kumuuliza hivyo. Wote walimwambia tu, leta, peleka. Kwa hiyo alibonyeza Ndiyo taratibu, kwa heshima, kama anatia saini mkataba wa amani.

Alipomaliza, aliizima kompyuta na kuiwasha upya. Kisha akaifungua programu ya mkewe ya kudarizi, apate kuona ilivyokuwa nyepesi sasa.

Kompyuta ikalia, *ting*, na kikatokea kijisanduku chenye alama nyekundu. Maneno yake yalikuwa machache: programu haiwezi kuanza kwa sababu kuna faili halimo kwenye kompyuta hii. Likafuata jina la faili hilo, herufi zisizo na irabu hata moja, na namba.

Mzee akakifunga kijisanduku. Akabofya tena. *Ting.* Akabofya kwa nguvu zaidi, kama kwamba tatizo ni kidole. *Ting.*

"Mkwe," sauti ya mama mkwe ikatoka sebuleni, "kuna kitu kinalia huko?"

"Ni kengele tu, mama!"

"Kengele ya mlango?"

"Ya... ya usafi, mama."

Sebuleni mama mkwe akaliinamisha sikio upande wa mlango.

Kijisanduku kilimshauri aisakinishe upya programu, lakini namba ya siri ya kuisakinishia ilikuwa kwa mkewe, na kumpigia simu mkewe ni sawa na kujipeleka polisi mwenyewe. Akaona bora alitafute lile faili lenyewe. Kama limepotea, si litafutwe? Akaliandika jina lake kwenye mtandao, herufi kwa herufi, na kumbe dunia imejaa watu wema! Tovuti ya kwanza tu ilikuwa nalo faili hilo, tena bure, na kitufe kikubwa cha kijani kikimsubiri. Akabonyeza. Akaulizwa maswali kadhaa, akajibu Ndiyo kwa yote, maana mkono ulikuwa umeshazoea.

Faili halikuja. Kwanza kioo kilijaa matangazo ya viatu. Halafu likaja onyo kwamba kompyuta ina hitilafu elfu na ushee na inakaribia kufa. Halafu spika za mkewe, ambazo huziwekea redio wakati wa kushona na huzifungulia hadi mwisho, zikapasuka kwa sauti nyororo ya mwanamke:

"Hongera, mpenzi! Ni wewe niliyekuwa nakutafuta! Bonyeza hapa sasa hivi tuwe pamoja!"

Mzee Stoo aliruka kwenye kiti. Akabonyeza huku, akabonyeza kule, mwanamke akazidi kumwita mpenzi. Akatafuta kitufe cha sauti, kitambaa cha vumbi kikamdondoka. Na kutoka sebuleni akaisikia fimbo ya mama mkwe ikigonga sakafu, *ko, ko, ko*, inakuja.

Mama mkwe alisimama mlangoni, bendeji kwenye jicho moja, kidevu juu.

"Mkwe wangu."

"Naam, mama."

"Mwanangu kaondoka jana tu."

"Mama, si mtu!"

"Mimi nimeunganisha simu za watu tangu hujaota ndevu. Sauti ya mwanamke anayemwita mume wa mtu mpenzi naijua. Yuko wapi?"

"Yumo kwenye kompyuta, mama! Wallahi, ni tangazo!"

Na mwanamke yule, kama aliyelipwa kumkomoa, akasema, "Usiondoke, mpenzi, bado hujachukua zawadi yako!"

Mzee akapiga magoti chini ya meza, akang'oa waya wa spika ukutani. Kimya kikarudi. Akabaki hapo hapo chini, mgongo umempinda, na kwa kuwa hakukuwa tena na heshima ya kuilinda, akamweleza mama mkwe kila kitu: vumbi, alfabeti, majina yaliyorudiwa, faili lililopotea, kitufe cha kijani. Alipomaliza alingoja hukumu.

Akasikia mlio wa ajabu. Alidhani mama analia. Alipochungulia, alimkuta ameegemea mlango, mabega yanatikisika, anacheka mpaka ameshikilia bendeji isije ikadondoka.

"Ya usafi!" alisema alipopata pumzi. "Kengele ya usafi! Ewe mtoto! Inuka huko chini. Fundi wa vitu hivi mna simu yake?"

Fundi walikuwa naye. Alikuwa dada mmoja mwenye kibanda karibu na stendi, jina lake la mtaani Bisibisi. Mzee akampigia, lakini alichokisikia kilikuwa ngoma na vigelegele ndani ya mtungi.

"Halo! Halo! Fundi? Unasema nini? Kuku?"

"Lete hapa," mama mkwe akasema, akanyoosha mkono. Aliiweka simu sikioni, akanyoosha mgongo, na sauti iliyomtoka haikuwa ya mgonjwa wa macho hata kidogo. "Halo, habari za mchana. Unaongea na nyumba ya fundi cherehani. Nakuunganisha na mteja wako." Akamweleza tatizo kwa maneno machache, akasikiliza, kisha akaziba simu kwa kiganja. "Hakusema kuku, amesema kaka. Yuko kwenye harusi ya kaka yake, ndiye msimamizi. Anauliza faili linaitwaje."

Mzee akayasogeza macho karibu na kioo na kuzitaja herufi. Mama mkwe akazipeleka kwa fundi moja moja, bila kutetereka: "M ya mama. S ya sindano. V ya vitunguu. C ya chai. R ya redio. Halafu mia moja." Akasikiliza. "Anauliza kama uliondoa vile vyenye miaka."

"Niliondoa."

"Ameondoa," akamwambia fundi. Akasikiliza kwa muda mrefu kidogo. "Fundi amesema neno ambalo sitalipeleka."

Baada ya hapo fundi akaeleza, na mama mkwe akaeleza anavyoelezwa. Vile vitu vyenye jina moja havikuwa kitu kimoja. Kila programu, ilipotengenezwa, ilitegemea vipuri vya mwaka wake. Ya mwaka huu haiwezi kutumia vya mwaka ule. Na vile vilivyoandikwa mara mbili mwaka mmoja ni pacha, kila mmoja na kazi yake.

Hapo Mzee Stoo alijipiga kofi la paji la uso. Vipuri! Mbona hakuna aliyeandika pale kwamba ni vipuri? Angemtupa mtoto wake kwanza kabla ya kutupa kipuri. Stooni kwake zilikuwepo washa, zile pete ndogo za mpira, za mabomba yaliyoacha kutengenezwa zamani, na alizitunza kama mayai.

"Fundi anasema kata intaneti kwanza," mama mkwe akaendelea. "Yule mwanamke wako atolewe."

"Si wangu, mama."

"Mimi naunganisha tu."

Mzee akazima kifaa cha intaneti. Kwa maelekezo yaliyopita kwenye ngoma, vigelegele na sikio la mama mkwe, alirudi kwenye orodha, akakuta kweli kuna wageni wapya watatu waliosakinishwa leo hii, akawaondoa. Halafu akaifanyia kompyuta msako mzima kwa programu ya kukamata virusi. Kazi hiyo ilichukua muda, na fundi akasema afadhali, kwa sababu keki ndiyo inakatwa na yeye ndiye mwenye kisu.

Wakangoja, simu ikiwa wazi. Mama mkwe akapewa kiti. Kwa mara ya kwanza hawakuutazama ukuta. Mama akamsimulia mkwewe jinsi siku moja alivyomwunganisha kimakosa mchumba wa mtu na idara ya zima moto, na mchumba akamaliza maneno yake yote matamu kabla hajagundua. Mzee akacheka mpaka akakohoa.

Mara simu ikatoa mlio mwingine ndani ya sikio la mama. Akainua kidole.

"Kuna laini ya pili. Nani huyu? Soma."

Mzee akasoma jina kwenye simu. "Ni mwanao."

Mtu mwingine angechanganyikiwa. Mama mkwe aling'aa uso kama bibi harusi. Laini mbili! "Fundi, usikate tafadhali, nina laini nyingine," akasema, na akamwambia mzee ambonyezee kitufe cha kubadili laini. "Halo mwanangu! Mtoto hajambo? Alhamdulillahi. Mimi mzima, dawa nimetiwa. Mumeo? Yupo, anafanya kazi. Kazi gani? Za stoo, unamjua. Sikia, mwanangu, laini ina shughuli, tutaongea baadaye."

Mzee Stoo alimtazama kwa mshangao. "Mama, hujamdanganya hata neno moja!"

"Opereta hadanganyi," mama mkwe akasema. "Anachagua tu nani aongee na nani."

Keki ilipokwisha kukatwa, fundi alirudi. Sasa alitaka intaneti iwashwe, na mzee aende kwenye tovuti ya watengenezaji wenyewe wa vile vipuri. "Na si duka la mwizi mwenye kitufe cha kijani," mama mkwe akafikisha ujumbe, na mzee hakujua kama maneno hayo yalikuwa ya fundi au ya msafirishaji. Alichukua vifurushi vizima, mwaka kwa mwaka, pacha kwa pacha, na safari hii alisoma kila mstari kabla ya kubonyeza. Kila kimoja kilipoingia aliripoti, "Kimepokelewa," kama zamani lori likishusha mzigo.

"Fundi anasema bado moja. Tukague mafaili ya mfumo wenyewe, isije yule mwanamke akawa ameondoka na kitu. Fungua kile kidirisha cheusi cha amri, kifungue kama msimamizi."

Akakifungua. Cheusi kweli, kama kisima, na kijistari kikipepesa.

"Andika s, f, c. Umeandika? Acha nafasi. Sasa weka mkwaju."

Mzee akageuka. "Mkwaju?"

"Mkwaju."

"Kwenye kompyuta, mama? Wa kunywa?"

"Mimi sijui ni wa kunywa au wa kuning'iniza. Fundi kasema mkwaju." Akauliza, akasikiliza. "Anasema kile kijistari kilicholala upande. Kilichoegemea kama mlevi."

Akakiona, karibu na nukta. Akakiweka, akamalizia neno aliloandikishwa, akabonyeza. Kidirisha kikaanza kuhesabu asilimia, polepole. Kwa kuwa mama mkwe haoni, mzee alimtangazia kama mtangazaji wa mpira.

"Ishirini... ishirini na moja... imesimama, mama, imesimama... hapana! Inakwenda! Thelathini!"

"Usinipandishe presha, daktari amenikataza."

"Tisini! Tisini na nane! Mia!"

Kompyuta ikatangaza kwamba imekuta mafaili yaliyoharibika na imeyarekebisha. Mzee akaiwasha upya. Akaipeleka mausi juu ya programu ya kudarizi, akafumba macho, akabofya. Wote wawili wakategea *ting*.

Haikulia. Alipofumbua macho aliiona nembo ya shule, simba mwenye kitabu, katikati ya kioo, nyuzi zake za rangi zimekamilika.

"Imefunguka?" mama mkwe akanong'ona.

"Imefunguka, mama."

"Fundi, imefunguka! Haya, rudi harusini. Na huyo bwana harusi mwambie asiguse kompyuta ya mkewe." Akakata simu, akamnyooshea mkwewe, akashusha pumzi. "Siku nyingi sijafanya kazi nzuri hivi."

Mke alirudi Jumapili mchana. Aliingia chumba cha kushonea kuweka mkoba, na mzee akamfuata nyuma kwa hatua za paka. Kompyuta ikawaka. Mke akakitazama kioo, akakitazama tena.

"Nani kapanga mafaili yangu kwa alfabeti?"

Mzee alikuwa ametengeneza kompyuta nzima na kusahau kwamba mpangilio wake mwenyewe ndio ungemsaliti. Alifungua mdomo, lakini mama mkwe alimtangulia kutoka sebuleni.

"Mwambie yote, mkwe wangu! Na ukifika kwa yule mwanamke, ongeza sauti, nataka kusikia tena!"

Akaambiwa yote. Mkewe alinuna mpaka waliposimulia kitufe cha kijani, akajaribu kuendelea kununa walipofika kwenye kengele ya usafi, na kwenye mkwaju akashindwa kabisa, akakaa chini juu ya rundo la sweta akicheka na machozi. Hata hivyo kabla jua halijazama alikuwa amefungua mlango mwingine ndani ya kompyuta, wenye jina la mumewe, ambamo mtu anaweza kusoma magazeti na kucheza karata lakini hawezi kuondoa hata unyoya. Mzee aliupokea bila kinyongo, akapanga picha zake tatu za humo kwa mstari.

Sweta za shule zilidariziwa Jumatatu, simba wote wakiwa na vitabu vyao. Jicho la mama mkwe lilipofunguliwa bendeji, akataka kwanza kuonyeshwa huo mkwaju ulivyo. Alipouona akasema, "Kitu chenyewe kidogo hivi!" Kisha akabaki hapo hapo kwenye kiti, akafundishwa karata, na mchana mwingi wa wiki zile walisikika yeye na mkwewe wakibishana mfalme mwekundu awekwe wapi.

Alirudi kwake alipopona. Siku hizi akipiga simu jioni, binti yake huikimbilia kutoka kwenye cherehani, nyuzi zimemng'ang'ania gauni.

"Mama, habari za huko?"

"Nzuri, mwanangu. Niunganishe na mkwe."

"Mama, mimi ndiye mtoto wako!"

"Najua. Lakini mkwe simu haisikii vizuri. Ndiyo maana nakuomba wewe uniunganishe."